Orodha ya kusubiri ini si foleni ya kliniki

Kwenye benchi la kliniki moja hapa Moshi, mzee mmoja aliyeshika kadi namba 14 alikuwa akimweleza jirani yake: "Hata Marekani, ini la marehemu anapewa aliyejiandikisha kwanza. Ukirukwa, ujue kuna mtu katoa hela." Wengi tunaamini hivyo. Sivyo ilivyo.

Tangu 2002, ini kwa watu wazima nchini Marekani hugawiwa kwa alama zinazotokana na vipimo vya damu: bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa), kreatinini (taka ambayo figo huichuja), jinsi damu inavyoganda. Alama hizo hukadiria nani yuko hatarini kufa ndani ya miezi mitatu. Aliyeandikishwa jana akiwa mahututi anaweza kumtangulia aliyesubiri mwaka mzima, nami naona ni haki, maana huyu wa pili bado ana muda. Kundi la damu na umbali navyo huangaliwa. Kwa figo, muda wa kusubiri una uzito mkubwa, kwa kuwa mashine ya kusafisha damu humshikilia mgonjwa.

Pesa ina mlango wake, lakini ni kabla ya orodha: asiye na bima huko hupata shida hata kuandikishwa. Hapo ndipo pa kulalamikia.

Kwetu, figo zinazopandikizwa Muhimbili tangu 2017, na Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa tangu 2018, hutoka kwa ndugu walio hai. Kwa hiyo swali la haki linahamia sebuleni. Dada akiulizwa kama atatoa figo, mbele ya baba wadogo na shangazi, atakataaje? Aulizwe peke yake, mlango umefungwa.