Kipimo ya "mawazo mingi": yenye damu inaonesha na yenye haioneshe

Karibu kila wiki kuko mutu anafika ku dirisha ya labo kwetu hapa Bukavu, anangoja wengine batoke, kisha anainama na kuuliza polepole: "Dokta, muko na kipimo ya depresio?" Ndiyo ile ugonjwa batu banaita "mawazo mingi". Juzi ilikuwa mama moja wa Kadutu, miezi tatu halale, chakula haimupitie, soko imemushinda, makuta ya kulipa iko tayari mu fundo ya kitenge. Amenikubalia niandike.

"Damu itaonesha kama niko na depresio." Hapana, mama. Hakuna labo, hapa wala Ulaya, yenye inaweza kuiona mu damu. Munganga anaitambua kwa kuuliza na kusikiliza: wiki 2 ao zaidi huzuni ao kukosa furaha ya kitu chochote karibu kila siku, usingizi kuharibika, nguvu kuisha, kujilaumu, kuwaza kufa.

"Basi ekzame haina kazi." Hiyo pia si kweli, na hapa niache nikae kidogo, ju kuko magonjwa yenye inafanana sana na depresio. Damu kidogo (anemi) inachokesha mutu mupaka anashindwa kuamuka. Vitamini B12 ikikosa, mutu anasahau, miguu inakufa ganzi, moyo unakuwa muzito, na hiyo B12 inatoka ku nyama, samaki, mayai na maziwa, kwa hiyo mwenye kula bugali na sombe tu kila siku anaweza kuikosa, hata sambaza kidogo zinamusaidia. Kuko tena tezi ya shingo: ikilegea, mutu anachoka, anasikia baridi, ananenepa, analia bila sababu. Sisi ba Kivu tusiisahau, mu miaka ya 1960 banganga balichunguza kisiwa ya Idjwi bakakuta goita (tezi ya shingo kuvimba) kwa batu wengi sana ju ya kukosa iodi, na muhogo ikaonekana inaongeza shida. Munganga akikuandikia kipimo ya damu yenye inaitwa TSH, anatafuta ile tezi, hatafute depresio.

Yenye inaniumiza zaidi ni ile mashine inazungushwa mu kartie, unashika kafimbo ya chuma mu mukono, dakika moja karatasi inatoka: zinki iko chini, serotonini iko chini, nunua hii kopo. Kafimbo haiwezi kupima zinki! Na serotonini, ile kemikali ya mwili yenye batu banasema ni ya furaha, sehemu kubwa inatengenezwa mu matumbo, hata ukiipima mu damu kweli kweli haikuambie ubongo iko namna gani. Mutu anaacha pale makuta yenye ingemufikisha kwa munganga.

"Vitamini inaponesha depresio." Kama kipimo imeonesha unakosa kitu, kukirudisha ni dawa ya kweli. Kama haukose, ni hadisi ingine. Marekani balifuatilia batu zaidi ya 18,000 wa miaka 50 na zaidi, kwa miaka kama 5, benye kumeza vitamini D na benye kumeza kinini tupu yenye haina dawa ndani, matokeo ikatoka 2020: depresio haikupungua. Chakula yenyewe inatia tumaini kidogo: Australia, 2017, bagonjwa 67, wengi bakiwa na matibabu yao ya kawaida, benye balisaidiwa kula muzuri kwa wiki 12 (mboga, maharagi, samaki) karibu 1 kwa 3 balitoka mu depresio, benye balipewa mazungumuzo tu hawakufika 1 kwa 10. Ni batu kidogo, lakini lengalenga na maharagi tuko nazo.

"Ya majani haina hatari." Milpertui, ile majani ya Ulaya ya depresio, inapunguza nguvu ya dawa za VIH na za kupanga uzazi, na ukiichanganya na fluoksetini (dawa ya depresio) inaweza kukupeleka irjansi. Hata vitamini iko na hatari: B6 nyingi kwa muda murefu inaharibu mishipa ya fahamu.

Na dawa yenyewe, fluoksetini ao amitriptilini, inachukua wiki kadhaa mbele ya kusaidia, batu banaitupa siku ya kumi. Usiikate ghafla bila munganga. Kama unawaza kujiua usingoje matokeo ya labo, enda leo, ku Sosame (kituo ya magonjwa ya akili hapa Bukavu) ao hospitali ya karibu, na mutu akusindikize.

Yule mama wa Kadutu, hemoglobini yake (kipimo ya wingi wa damu) ilikuwa 8, ni chini. Alitaka kurudia nyumbani na furaha, "kumbe ni damu tu". Nilimuomba apeleke karatasi kwa munganga, akapewa dawa ya chuma, kisha akaulizwa yale maswali yote, ju damu kidogo na depresio zinaweza kukaa mu mutu moja. Anarudi kwa munganga siku ya Jumanne.