Ruta ya pili haiwekwi gizani

Wiki hii nimeitwa tena. Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba vinne na banda la vyumba viwili uani, ruta kuu ya faiba iko sebuleni juu ya kabati la televisheni. Mama mwenye nyumba kanipokea na lawama ambazo sasa naweza kuzikariri: "Fundi, kijana wangu kaifufua ile ruta yetu ya zamani, tumeiweka kule kule ambako waifai haifiki. Inawaka vizuri, alama kwenye simu imejaa pomoni, lakini haifungui kitu. Itakuwa imekufa hiyo."

Haikuwa imekufa. Kijana alikuwa ameiweka kama ripita, yaani ipokee waifai ya ruta kuu hewani na kuirusha mbele, kazi safi tu, kisha akaipeleka chumba cha mwisho uani, nyuma ya kuta tatu za tofali na simtanki la lita elfu mbili. Yaani kaiweka mahali ambapo yenyewe haisikii chochote kutoka sebuleni. Nikamuuliza, "Mama, kama simu yako haipati waifai pale, hiyo ruta inaipata wapi?" Akanitazama kidogo, akamtazama mwanawe, akaenda kuniletea chai.

Watu wanadhani ruta ni taa. Chumba kina giza, unafunga taa mle mle chumbani. Mimi huwaambia wafikirie nyumba inayoungua na watu wamepanga mstari wa ndoo kutoka bombani: huyu anapokea, anampa yule. Ukimtuma mtu mmoja akasimame peke yake karibu na moto, kafika kweli, lakini ndoo atapokea kwa nani? Ripita inakaa njiani, pale ambapo mawimbi ya ruta kuu bado yana nguvu. Pita na simu yenye programu ya kupima mawimbi na uangalie namba. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo hali inavyokuwa nzuri. Mimi naishia kwenye -65 hivi. Ikishafika -75 ni kujisumbua, maana tofauti ya 10 kwenye kipimo hicho ni nguvu mara kumi, siyo kidogo kama inavyoonekana.

Na hiyo alama iliyojaa pomoni, naomba tuizike leo. Inapima jambo moja tu: simu yako na kiboksi kilicho karibu nayo vinasikilizana kiasi gani. Kama kiboksi chenyewe kina intaneti au hakina, alama haijui wala haijali. Unaweza kuchomeka ruta mpya kabisa, bila waya wowote, bila kifurushi, juu ya friji, na alama ikajaa. Ruta ya pili haizalishi intaneti. Inapokea ile ile iliyoko sebuleni na kuisogeza. Kifurushi chako kikiwa cha spidi ya Mbps 20, ukiweka ruta nne bado ni 20, mnagawana.

Mafundi wenzangu wengi hapa wangeitukana ripita na kuondoka. Wanasema inakata spidi nusu. Ni kweli, ripita yenye redio moja (kifaa cha ndani cha kupokea na kurusha mawimbi) inasikiliza na kusema kwa zamu kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo kila kitu kinapita hewani mara mbili. Lakini nusu ya nini? Kama redio ingeweza kupitisha Mbps 60 na kifurushi ni 20, nusu yake ni 30, bibi anayepiga simu za video haoni tofauti yoyote. Ripita ikikaa mahali pake ni suluhisho halali. Shida yangu na ripita kwenye ruta za zamani ni nyingine: ile njia ya kuunganisha ruta mbili bila waya iitwayo WDS kila kampuni imeitengeneza kivyake, na ruta za kampuni mbili tofauti mara nyingi hazielewani. Leo inashika, kesho umeme ukikatika na kurudi haishiki. Ndiyo maana nikiwa na ruta ya zamani mkononi, kitu cha kwanza ninachouliza ni kama naweza kupitisha waya.

Waya, basi. Kebo ya mtandao aina ya Cat5e inabeba mpaka mita 100, na nyumba ya Tabata haina mita 100. Utaratibu wenyewe ni mfupi. Shikilia kitufe cha riseti cha ruta ya zamani kwa pini kama sekunde kumi. Unganisha laptopu kwa waya kwenye ruta ya zamani peke yake, ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio, weka jina la waifai na pasiwedi. Badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2, kama ruta kuu ni 192.168.1.1. Ukurasa utapotea. Usishtuke, umeihamisha nyumba ukiwa ndani. Ingia tena kwa anwani mpya, zima DHCP (kazi ya ruta kuzigawia simu na laptopu namba za mtandao), hifadhi. Fuata mpangilio huo huo: ukizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, laptopu haitapewa namba tena na utabaki nje unagonga mlango. Mwisho chomeka waya kutoka tundu la LAN, yaani moja ya yale ya vifaa vya ndani ya nyumba, la ruta kuu kwenda tundu la LAN la ruta ya pili. Lile tundu la WAN, lenye rangi tofauti na wenzake, liache wazi.

Na hapo kwenye LAN na WAN ndipo ninapopoteza nusu ya maisha yangu.

Mtu akitazama ruta anaona tundu moja la buluu limejitenga, limeandikwa intaneti, na anajiambia: intaneti si ndiyo ninayoileta? Anachomeka hapo. Na balaa ni kwamba inafungua. Ingekuwa haifungui ningekuwa na amani, maana mtu angejua amekosea. Inafungua, lakini sasa nyumba ina mitandao miwili, mmoja umejificha nyuma ya mwingine. Printa iko sebuleni, laptopu iko uani, hazionani. Unataka kurusha video kutoka kwenye simu ya chumbani kwenda televisheni ya sebuleni, televisheni haipo kwenye orodha. Ndipo naitwa kuja kutengeneza printa. Nimeshafika mara nyingi sana kutengeneza printa ambayo haina ugonjwa wowote. Kama menyu ya ruta yako ina hali ya Access Point, yaani kurusha waifai tu, ichague, nayo itajizimia DHCP na tundu lolote litafaa. Ruta nyingi za zamani hazina, ndiyo maana narudia: LAN kwa LAN.

Halafu wapo waliosikia "LAN kwa LAN" wakaishia hapo, DHCP wakaiacha inawaka. Hawa ndio wananizeesha. DHCP ni mkata tiketi: kila simu inayoingia inapewa namba ya kiti na kuonyeshwa mlango wa kutokea. Sasa weka wakata tiketi wawili kwenye basi moja la kwenda Mwanza, kila mmoja na kitabu chake. Kiti namba 14 kitauzwa mara mbili, na mmoja wao anawaelekeza abiria kwenye mlango uliozibwa, kwa sababu ruta ya pili inaziambia simu "tokeni kwangu" wakati yenyewe haina pa kutokea. Dalili yake inachanganya kuliko zote: simu ya baba inafungua, ya mama inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti, baada ya saa kadhaa wanabadilishana. Simu inamsikiliza mkata tiketi aliyewahi kujibu. Familia moja ilikaa karibu mwezi mzima ikigombana na kampuni yao ya intaneti, na kampuni haikuwa na kosa. Nilichofanya ni kuondoa tiki moja kwenye menyu ya DHCP. Nikaona aibu kutaja bei, lakini nikaitaja.

Waya wenyewe nao. Kabla hujalipia, omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inakatika ukiikunja mara mbili tatu, na hukatika ndani ya ganda ambako huoni. Kiungo cha Mbps 100 kinatumia nyuzi nne, cha gigabiti (Mbps 1000) kinataka zote nane. Kwa hiyo uzi mmoja wa kahawia ukikatika kila kitu kinaendelea kufanya kazi, ila kimya kimya umeshuka mpaka 100. Wenye kifurushi cha 20 hawatajua kamwe.

Kwenda uani pitisha ndani ya bomba na ufukie, kebo ya ndani ikianikwa juani inapasuka. Kuhusu radi nitasema ukweli: sina raha na waya wa shaba kati ya majengo mawili. Masika moja nilipoteza ruta mbili kwa pigo moja, ya sebuleni na ya uani, radi wala haikupiga nyumba ile, ilipiga jirani. Tangu hapo mvua ya ngurumo ikianza nawaambia wachomoe umeme na waya pia. Wanachomoa wiki ya kwanza.

Sasa swali ambalo nimebadilisha jibu lake mara tatu: ruta zote mbili ziwe na jina moja au majina mawili? Kitabuni jibu ni jina moja, pasiwedi moja, chaneli tofauti, 1 na 6 au 11 kwenye masafa ya 2.4 GHz, na simu itahama yenyewe. Simu haisomi vitabu. Simu ndiyo inayoamua kuhama, siyo ruta, na simu nyingi zinang'ang'ania ruta ya kwanza mpaka pumzi ya mwisho. Bibi anatoka sebuleni na simu ya video mkononi, anafika uani, picha imeganda mdomo wazi, na ruta mpya iko nusu mita kutoka kichwani kwake. Nikaanza kuweka majina mawili, Nyumbani na Uani. Hapo watu wakaanza kunipigia kuuliza lipi ndilo la kweli. Siku hizi naweka jina moja kama nyumba ni moja, mawili kama uani kuna wapangaji, na sioni haya mteja akitaka kinyume.

Kinachosaidia zaidi ya jina ni kupunguza nguvu ya ruta kuu, ili simu ikate tamaa mapema na kuitafuta ruta ya pili. Hili silisemi mbele ya mteja. Mara moja nilisema, nikaulizwa kama nimelipwa kuongeza waifai au kuipunguza.

Pale Tabata tulipitisha waya, mita ishirini na kitu, ruta ya zamani ikakaa ukutani kwenye banda, juu, mbali na simtanki. Nikabandika karatasi chini ya kila ruta: anwani, pasiwedi ya kuingilia, na maneno USIBONYEZE RISETI kwa kalamu nyekundu. Adapta nazo nikaziandika, moja ni ya volti 12 na nyingine ya 9, na vichwa vyake vinaingiliana. Hiyo karatasi siiandiki kwa ajili ya wateja. Mwaka juzi nilirudi kwenye nyumba niliyoifunga mwenyewe, sikukumbuka anwani niliyoiweka, nikabonyeza riseti, na nikatumia mchana mzima kurekebisha nilichokiharibu huku mwenye nyumba akimlaani fundi wa kwanza. Nikamwitikia kwa kichwa.