Chura Hana Mbavu: Anapumuaje?

Mtazame chura aliyetulia kando ya maji. Kifua hakipandi wala hakishuki. Kinachochezacheza ni ngozi ya chini ya kidevu. Wengi hudhani ni mapigo ya moyo. Sivyo. Pale ndipo ilipo pampu ya pumzi yake, na ukishaielewa, viungo vingi vya mwili wake havitakusumbua tena.

Binadamu huvuta hewa kwa kupanua kifua: mbavu huinuka, na kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka. Chura hana kiwambo, wala mbavu za kukizunguka kifua. Basi yeye havuti hewa, huisukuma. Hushusha sakafu ya kinywa, hewa ikaingia puani. Kisha huziba pua na kuiinua sakafu ile, hewa ikakosa pa kupita ila mapafuni. Na dume anapopiga kelele usiku kucha, hata mdomo haufungui: hewa ileile huenda na kurudi kati ya mapafu na kifuko cha kooni, ikipitia kwenye kisanduku cha sauti. Ng'ombe asiyezuiwa kunywa maji na kelele hizo hajui ni kazi kubwa kiasi gani.

Mapafu yenyewe ni mifuko miwili yenye kuta nyembamba, na wembamba huo una historia. Mwaka 1661 daktari Mwitalia, Marcello Malpighi, aliyachunguza mapafu ya chura kwa hadubini akaona kapilari, vile vimishipa vinavyounganisha ateri, mishipa itoayo damu moyoni, na vena, mishipa iirudishayo. Daktari Mwingereza William Harvey alikuwa ameeleza mzunguko wa damu tangu 1628, lakini njia hiyo ya kuvukia hakuwa ameiona.

Hata hivyo mapafu peke yake hayamtoshi chura. Ngozi yake nayo hupumua. Tezi zake hutoa ute unaoilowesha, oksijeni huyeyuka katika unyevu huo na kupenya hadi kwenye vimishipa vilivyotandaa chini yake. Sehemu kubwa ya kaboni dioksaidi hutokea hapo pia. Akizama majini, ngozi hushika zamu. Katika kisiwa cha Borneo yuko chura aitwaye Barbourula kalimantanensis ambaye mwaka 2008 wanasayansi walisema hana mapafu kabisa, lakini uchunguzi wa mwaka 2024 ukaonyesha kwamba anayo.

Sasa tuje kwenye moyo, ambao naona huonewa sana. Una vyumba vitatu: viwili vya juu na kimoja cha chini, yaani ventrikali. Damu kutoka mapafuni huingia chumba cha juu cha kushoto, ile ya mwilini huingia cha kulia, zote zikamiminika katika ventrikali moja. Mara nyingi maelezo huishia hapo, kwamba damu huchanganyika, kana kwamba moyo huu ni jengo lililoachwa kabla ya kumalizika. Ukweli ni kwamba mikunjo ya ndani ya ventrikali, pamoja na vali iliyojipinda katika njia ya kutokea, hupunguza mchanganyiko huo. Tena damu iliyopata oksijeni ngozini hurudi kwa upande wa kulia, pamoja na ile ya mwilini. Chura akiwa chini ya maji, mapafu hayaleti kitu kipya, na ukuta wa kuzitenga damu hizo ungemsaidia nini?

Ngozi hiyohiyo ndiyo mdomo wake wa kunywea. Hukaa mahali penye unyevu, na maji hupenya hasa katika ngozi ya tumbo na ya kwenye nyonga. Akiwa majini yakazidi, figo huyatoa kama mkojo mwepesi. Akiwa nchi kavu, huyarudisha mwilini yale aliyoyaweka kibofuni. Mkojo, kinyesi, na mayai au mbegu za kiume vyote hupitia tundu moja, kloaka.

Kuhusu chakula nitasema machache. Ulimi umeshikana na mbele ya kinywa, si nyuma kama wetu, ndiyo maana hurushwa nje mbali hivyo. Wakati wa kumeza, macho hudidimia na kusaidia kusukuma windo kooni. Tumbo, ini, kongosho na utumbo hufanya kazi zilezile tunazozijua. Kiluwiluwi wa aina nyingi, ambaye hula zaidi mimea ya majini, ana utumbo mrefu uliojisokota. Akigeuka chura mla wadudu, utumbo huo hufupika.

Kwa sababu ngozi hupitisha vitu kirahisi, dawa za wadudu na mafuta yaliyo mikononi mwetu humwingia pia. Ikibidi kumshika, lowesha mikono kwa maji safi kwanza. Mwaka 1998 wanasayansi waliripoti kuvu wa ngozi aliyekuwa akiua vyura Australia na Amerika ya Kati, na mwaka 2009 wengine wakaonyesha jinsi anavyoua: ngozi iliyoathirika hushindwa kudhibiti chumvi, sodiamu na potasiamu hupungua katika damu, na moyo husimama.