Ufeministi na tamaduni nyingi kwenye riwaya za ughaibuni, maana yake nini hasa?

Ukitaja ufeministi wengi wanadhani ni mwanamke kuvua sari na kumkimbia mume, na ukitaja tamaduni nyingi wanawaza maonyesho ya vyakula na ngoma. Kwenye riwaya za waandishi wenye asili ya India, Pakistan au Bangladesh walioko Uingereza na Marekani haya mambo mawili yanakutana jikoni, na hapo ndo ugomvi unaanza.

Iko hivi, sera ya tamaduni nyingi ni nchi kukubali kwamba wahamiaji wabaki na dini, lugha na mila zao, Kanada waliitangaza 1971. Jambo zuri kabisa, hasa ukikumbuka ubaguzi waliokutana nao. Ila ufeministi, yaani kudai haki na sauti ya mwanamke, unauliza, tukisema tuheshimu mila zao, nani kaulizwa hizo mila ni zipi? Mara nyingi kaulizwa baba, mama yuko ndani anapika.

Chukua The Namesake ya Jhumpa Lahiri (2003). Mwaka ni 1968, Ashima, mhamiaji kutoka India, ana mimba kubwa, yuko jikoni Massachusetts, Marekani, anachanganya Rice Krispies (nafaka ya mchele ya kifungua kinywa) na karanga na kitunguu, anakamulia limao anatia pilipili, anatafuta ladha ya kitafunwa cha barabarani Kolkata na mafuta ya haradali hana. Ashima hamtaji mumewe kwa jina, kama mama zetu wanavyosema baba fulani. Huyu mama hapigi kelele hata siku moja, lakini mwishoni, akiwa mjane, anauza nyumba na kuamua miezi sita akae India, sita Marekani, na sari yake anayo palepale.

Nazneen wa Brick Lane ya Monica Ali, nayo ya 2003, yeye kaozwa kwa mwanaume aliyemzidi umri mbali na kuletwa London kutoka Bangladesh, anashona nguo nyumbani kwa hela ndogo, na cherehani hiyohiyo ndo inamfungua macho, mume akitaka warudi Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, anakataa, anabaki na mabinti zake.

2006 filamu ya kitabu hicho ilipotaka kupigwa Brick Lane kwenyewe, mtaa wa London uliokipa kitabu jina, baadhi ya wakazi na wafanyabiashara walipinga, wakasema jamii yao imedhalilishwa. Mimi nawaelewa uchungu wao, lakini wale wanawake wa cherehani, nani alipanda ghorofani kuwauliza?