Dhahabu ya Kwanza ya Kenya Haikutoka Bonde la Ufa

Uliza kijiweni ni Mkenya gani aliyeshinda dhahabu ya kwanza kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kahawa haijapoa, Kipchoge Keino keshatajwa. Sivyo. Keino alianza kuzivuna Kingston, Jamaika, mwaka 1966. Miaka minne kabla yake, kule Perth, Australia, Seraphino Antao alikuwa ameshatwaa mbili: yadi 100 kwa sekunde 9.5 na yadi 220 kwa sekunde 21.1. Mtu wa mbio fupi, mzaliwa wa Mombasa, mji ulio pembeni mwa bahari. Wanaoamini kwamba riadha ya Kenya ilianzia nyanda za juu na mbio ndefu, huyu huwavurugia hesabu.

Zikitajwa hizo sekunde 9.5 hazikosi mshabiki wa kuruka: “Basi alimpita Usain Bolt mwenye 9.58!” Taratibu. Yadi 100 ni mita 91.44. Antao alipovuka utepe, mwenye kukimbia mita 100 angekuwa bado anadaiwa mita 8 na ushei, na hizo humla mkimbiaji wa kiwango chake takriban sekunde 0.8. Kwa hiyo tunazungumzia sekunde 10.3 hivi. Wala hilo halimpunguzii kitu, maana hakukuwa na tartani, yaani njia laini ya mpira ya kukimbilia, enzi hizo. Njia za namna hiyo ziliingia Olimpiki mwaka 1968.

Wapo pia wasemao alikuwa Mhindi aliyeazimwa tu na Kenya. Hili huniudhi. Asili ya familia yake ni Goa, iliyokuwa chini ya Ureno hadi Desemba 1961, ndiyo maana jina lake lina sauti ya Kireno. Yeye mwenyewe alizaliwa Mombasa mwaka 1937. Aliposhinda Perth mwaka 1962 Kenya ilikuwa bado koloni, hivyo picha ya bendera ya ngao na mikuki ikipandishwa kwa ajili yake siku ile ni ya kubuni. Bendera hiyo aliibeba baadaye, Tokyo 1964, akiongoza timu ya Kenya kwenye Olimpiki yake ya kwanza baada ya uhuru.

Medali ya Olimpiki? Hakupata. Ya kwanza kwa Kenya ni shaba ya Wilson Kiprugut, mita 800, Tokyo hiyohiyo. Na utajiri je? Sheria za uanariadha wa ridhaa zilikataza kulipwa kwa kukimbia. Mshindi alirudi na nishani, na kesho yake kazini.

Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham mwaka 2022 kwa sekunde 10.02, baadhi ya watu walishangilia “Mkenya wa kwanza”. Alikuwa wa pili. Wa kwanza alifariki London mwaka 2011, miaka 11 kabla ya kupata mrithi.