Nyasi bandia na nyasi asilia uwanjani

Mashabiki huziita kapeti. Nyasi bandia ni nyuzi za plastiki zilizoshonewa kwenye kitambaa kigumu. Katikati ya nyuzi humwagwa mchanga, na juu ya mchanga punje nyeusi za mpira, mara nyingi za matairi chakavu yaliyosagwa. Mchanga hulikandamiza zulia lisihame. Punje humpokea mchezaji anapoanguka na kuuzuia mpira usidunde ovyo. Ndizo hizo anazokung'uta kwenye soksi akifika nyumbani.

Zamani punje hazikuwapo. Klabu ya London, Queens Park Rangers, walipotandika plastiki kwenye uwanja wao wa Loftus Road mwaka 1981, mpira ulidunda juu mno na mchezaji akiteleza alichunika ngozi. Klabu nyingine za England, Luton, Oldham na Preston, nazo zikajaribu. Preston walikuwa wa mwisho kuing'oa, mwaka 1994. Sifa mbaya ya nyasi bandia ilianzia huko, na haijafutika japo kitu chenyewe kimebadilika sana.

Siku hizi FIFA hupima. Mpira huangushwa kutoka mita 2, na kwa daraja la juu, Quality Pro, unatakiwa udunde kati ya sentimita 60 na 85. Cheti chake hudumu mwaka mmoja tu, kwa sababu kapeti huchakaa: nyuzi hulala, punje hukimbilia pembeni, golini pakawa pagumu. Anayewaambia viongozi wa klabu kwamba nyasi bandia hazihitaji matunzo anawadanganya. Zinapigwa brashi, na punje zinaongezwa.

Nyasi asilia ni mmea. Hupoa zenyewe kwa maji yanayotoka majanini, wakati plastiki kwenye jua kali inaweza kupita nyuzijoto 60. Tena njumu ikikwama kwenye udongo, kipande cha nyasi hung'oka na mguu ukaachiwa. Kwenye kapeti njumu inaweza kung'ang'ania huku goti linageuka, na hapo ndipo malalamiko mengi ya wachezaji yanapotokea.

Mbona basi Kaitaba ya Bukoba, Nyamagana ya Mwanza, Nyamirambo ya Kigali na uwanja wa TP Mazembe kule Lubumbashi wametandika bandia? Ni hesabu ya saa za kucheza. Nyasi asilia zikikanyagwa asubuhi hadi jioni kila siku, masika huwa tope na kiangazi huwa vumbi. Bandia hubeba mechi tatu kwa siku bila kulalamika. Kwa uwanja wa manispaa unaogombewa na timu za mtaa, shule na akademi, mimi ningetandika bandia bila kusita. Kwa klabu kubwa yenye uwanja wake na mechi moja kwa wiki, sioni sababu. Uholanzi imeziondoa kwenye ligi yake kuu kuanzia msimu wa 2025/26.

Kuna na za mseto, kama za uwanja wa Wembley jijini London, ambako nyuzi za plastiki hushonwa ardhini katikati ya nyasi hai. Hizo si bandia. Plastiki ni asilimia chache tu, kazi yake kuipa mizizi pa kushika.