Mkono wa leti kucheza si dalili kwamba mashine imekwisha

Wanunuzi wengi wa leti (mashine ya kukereza chuma) iliyotumika huzungusha mkono wa kusogeza kisu, wakiona unacheza kidogo kabla kisu hakijasogea, hukata tamaa. Wakikuta rangi mpya na mkono uliokaza, hutoa fedha. Nadhani hapo ndipo hasara nyingi huanzia.

Kucheza kule hutoka kwenye skrubu na nati yake. Hata leti mpya ya kawaida huwa nako kiasi, na fundi hukumudu kwa kuendea kipimo kutoka upande mmoja tu. Nati ikilika, mara nyingi hubadilishwa bila gharama kubwa.

Kinachoua mashine ni kulika kwa reli za kitanda, ambazo kigari kinachobeba kisu huteleza juu yake, hasa karibu na kichwa, yaani upande unaozungusha chuma, kwa sababu kazi nyingi hufanyika hapo. Kuzisawazisha upya huweza kuzidi bei ya mashine yenyewe, na rangi haisemi lolote juu yake. Zipime hivi: peleka kigari karibu na kichwa, kaza kifungio chake kidogo tu, kiasi kwamba bado kinasogea, kisha kisukume polepole kuelekea mkiani. Kikizidi kuwa kizito au kikikwama, reli zimelika upande wa kichwa.

Halafu omba mashine iwashwe, uisikilize kwenye kila gia. Beringi za ekseli kuu zikinguruma, shusha bei au ondoka. Muuzaji akikataa kuiwasha, usinunue.